Mti wa Pamba, Dumu Bovu na Mlango wa Stoo

Ukitoka Lamadi kuelekea Bariadi mwezi wa nane, moshi unakusindikiza kulia na kushoto. Si moto wa porini. Ni wakulima wanachoma miti ya pamba baada ya mavuno, kama kanuni za zao zinavyowataka, ili funza na wadudu wengine wasipate pa kujificha hadi msimu ujao. Ukiingia mjini unakutana na mzigo wa aina nyingine kwenye mitaro na nyuma ya vibanda: madumu yaliyopasuka, ndoo zilizotoboka, viroba vya mbolea, chupa za maji. Na ukimtembelea fundi seremala atakwambia kwamba mbao zinatoka mbali, na nauli yake imo ndani ya bei.

Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012, sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 1,584,157. Ile ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Watu wote hao wanataka milango, dari, kabati na madawati. Kwa hiyo swali linalozunguka vijiweni si la kipuuzi: mti wa pamba unaochomwa na dumu linalotupwa haviwezi kuunganishwa vikawa ubao?

Vinaweza, na duniani vimekuwa vikiunganishwa kwa miaka mingi. Ila katikati ya "vinaweza" na mlango uliosimama kwenye fremu yake kuna kazi ambayo watangazaji wa mashine huwa hawaitaji. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara kwa mara, na majibu yake.

Hizo paneli ni kitu gani hasa?

Anza na tofali la udongo. Anayelifyatua huchanganya nyasi zilizokatwakatwa kwenye tope, kwa sababu tope peke yake likikauka linapasuka. Nyasi ndizo zinazoshika. Paneli ni wazo hilohilo: nyuzi za mmea zinashika, na plastiki iliyoyeyuka inachukua nafasi ya tope. Vinakorogwa pamoja vikiwa vya moto, vinakandamizwa kwenye mashine, vinapoa vikiwa bado vimebanwa, na kinachotoka ni ubao bapa unaokatwa kwa msumeno na kukazwa kwa skrubu.

Chipibodi ya dukani ni ndugu yake, ila yenyewe inashikwa na gundi ya kiwandani, mara nyingi ya yurea na fomaldehaidi. Ndiyo maana kabati la chipibodi likikaa mwezi mmoja kwenye sakafu yenye maji linavimba miguuni kama andazi. Nchini India taasisi ya utafiti wa teknolojia ya pamba, CIRCOT ya Mumbai, ilishatengeneza chipibodi kwa miti ya pamba. Utaalamu wake ukaletwa hadi kwetu kupitia mradi wa UNCTAD wa kuongeza thamani ya masalia ya pamba, uliohusisha Tanzania, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Plastiki ikiwa ndiyo gundi, tatizo la kuvimba linapungua sana, lakini yanaingia matatizo mengine, kama utakavyoona.

Na kama unadhani pamba kwenye kitu kigumu ni hadithi, liko gari. Ujerumani Mashariki ya zamani, mjini Zwickau, walitengeneza Trabant kuanzia 1957 hadi 1991, zaidi ya milioni 3, na mabodi yake hayakuwa ya bati. Yalikuwa ya takataka za pamba zilizogandishwa kwa gundi ya fenoli. Nitalirudia gari hilo mwishoni, maana lina somo ambalo wao walichelewa kulipata.

Kwa hiyo tukusanye chupa za maji?

Hapana. Na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo vikundi vingi vinapopotelea.

Kila anayewaza plastiki anawaza chupa ya maji ya kunywa, kwa kuwa ndiyo inayoonekana zaidi barabarani. Chupa hiyo ni ya aina iitwayo PET, na PET haiyeyuki mpaka ifike kwenye nyuzijoto 250 hivi. Nyuzi za mmea, ziwe za pamba, za mkonge au za pumba, zikivuka nyuzijoto 200 zinaanza kuungua, zinageuka kahawia kisha nyeusi, na nguvu zinapotea. Ukisubiri chupa iyeyuke, mti wa pamba umeshakuwa mkaa.

Plastiki inayofaa ni ile inayoyeyuka mapema. Dumu la mafuta ya kula, ndoo nyingi na vizibo vingi vya chupa ni vya polithini ngumu, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi. Nailoni laini za kufungia bidhaa huyeyuka mapema zaidi. Kiroba kilichofumwa, cha mbolea au cha sukari, ni polipropilini, ambayo hudai nyuzijoto 160 na ushee. Zote hizo zinalegea kabla mti haujaungua.

Utazijuaje bila maabara? Kwa beseni la kufulia. Kata kila aina vipande vya ukubwa wa ukucha, jaza maji, dondoshea tone la sabuni ya maji ili viputo vya hewa visivishikilie vipande juu, kisha tumbukiza. Nililifanya hili uani kwangu, watoto wa jirani wakiwa wameinama juu ya beseni. Kipande cha dumu kikaelea. Cha kiroba kikaelea. Cha chupa ya maji kilishuka taratibu kikiyumba kama jani, kikatua chini. Cha bomba la kijivu la maji machafu kilienda moja kwa moja. Kilichowashangaza watoto ni kizibo: chupa imezama, kizibo chake kinaelea, na vyote vimetoka duka moja kwa bei moja. Sababu ni kwamba si plastiki moja. Kwa kazi hii kizibo kina thamani na chupa haina, kwa hiyo chupa mpeleke anayenunua chupa na kizibo baki nacho.

Kuna kinachodanganya. Boksi jeupe la povu, lile linalofungiwa chipsi, linaelea kama bata, lakini linaelea kwa sababu ya hewa iliyomo. Litoe. Na vinavyoelea navyo si ndugu wa tumbo moja: polithini na polipropilini zikichanganywa hazishikani vizuri. Hapo geuza chombo utazame kitako chake, utaona pembetatu ndogo yenye namba. Namba 2 ni dumu, 4 ni nailoni laini, 5 ni polipropilini. Namba 1 ni chupa ya maji. Namba 3 ni ya mabomba, PVC, na hiyo usiisogeze kabisa kwenye joto, kwa kuwa inatoa gesi ya asidi inayokula chuma cha mashine na mapafu ya aliyesimama karibu.

Sasa, ni nani mkoani kwetu anayejua kazi hii kuliko mkulima wa pamba? Kabla ya kupeleka AMCOS, chama chake cha ushirika, anakaa chini, anatenga pamba safi na fifi, yaani iliyochafuka. Anajua kwamba konzi chache za fifi zikiingia kwenye gunia la pamba safi, mpimaji haangalii wingi wa ile safi. Plastiki iko hivyohivyo. Kipande kimoja cha chupa kikiingia kwenye mchanganyiko wa madumu hakiyeyuki, kinabaki kama jiwe katikati ya ubao, na siku mlango unapogongwa na upepo wa Oktoba ufa unaanzia pale. Mashine ya kukandamiza inanunuliwa kwa siku moja. Mikono ya kuchambua ndiyo kiwanda chenyewe, na ningekuwa natoa mkopo ningekagua beseni kabla ya kukagua mashine.

Vichupa vya dawa ya pamba navyo ni plastiki. Vinaingia?

Haviingii. Ekapaki tupu, yaani kile kichupa cha dawa ya kuua wadudu, na mfuniko wake havichanganywi na kitu ambacho mtoto atakilalia au mama atakiwekea unga. Kuviosha mara tatu ni lazima kabla hata ya kuvitupa, lakini kuoshwa hakuvifanyi kuwa malighafi ya kabati. Katika mkoa wa pamba onyo hili ni la kwanza, kwa kuwa vichupa hivyo vimezagaa mashambani na anayeokota kwa kilo atashawishika kuvitumbukiza kwenye kiroba.

Nyuzi zitatoka wapi?

Miti ya pamba ndiyo iliyo mingi, na kwa tabia yake ni mbao kamili, si nyasi. Ukiuvunja utaona gamba lenye nyuzi ndefu, na ndani yake mti mweupe. Unasagwa hadi kuwa chembe, gamba na vyote. Lakini kuna jambo la sheria. Kanuni zinataka shamba lisafishwe ndani ya muda uliopangwa, na zimewekwa kwa sababu wadudu hubaki kwenye vitumba vilivyosalia na kwenye maotea. Kwa hiyo huwezi kulundika miti nyuma ya nyumba miezi sita ukisubiri mnunuzi. Anayetaka kuitumia inabidi aing'oe, aisage upesi na asiache vitumba, na aongee na afisa kilimo wa kata kabla, si baada.

Mkonge upo, ingawa kwetu wengi wanauona kama ua la mpaka tu. Uliingia nchini mwaka 1893, ulipoletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche elfu aliyoagiza ilipona 62. Nyuzi zake ni ndefu na zina nguvu kuliko za miti ya pamba, lakini ni kama sehemu 4 tu kwa 100 za uzito wa jani, na zina soko lake la kamba. Kuzitumia zote kwenye paneli ni kama kuchoma mahindi kwa mkaa wa mninga. Konzi moja kwenye mchanganyiko, ili ubao usikatike ghafla, inatosha. Pumba za mpunga kutoka mashineni ni za bure au karibu na bure, ila zina silika nyingi, ile asili ya mchanga, na zinanoa visu vya mashine kwa upande usiotakiwa.

Swali gumu zaidi kuhusu nyuzi niliulizwa na mama mmoja, na alilielekeza kwa wanaume wote waliokuwa pale: mkichukua miti ya pamba, tutapikia nini? Ana haki ya kuuliza. Usukuma ulifyekwa miti yake vizazi vilivyopita, kwa ajili ya kupambana na mbung'o na kwa ajili ya mashamba yenyewe ya pamba. Mradi wa HASHI, wa hifadhi ya ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado Shinyanga, kazi ilikuwa kurudisha ngitili, maeneo ya malisho yanayohifadhiwa, ili watu wapate malisho na kuni. Mwaka 2002 ukapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Sasa haina maana kuokoa mninga wa fundi kwa kumnyang'anya mama fungu lake la kuni. Ninachosema ni kwamba miti ya kuhesabu ni ile inayochomewa shambani kwa kiberiti, ile ambayo hakuna aliyeibeba. Fungu lililoegeshwa jikoni si malighafi.

Inatengenezwaje, kwa kifupi?

Plastiki inachambuliwa, inaoshwa, inasagwa. Nyuzi zinasagwa, zinachekechwa, zinakaushwa. Vinachanganywa kwa uzito, nyuzi zikiwa kati ya theluthi na nusu, halafu moto, mgandamizo, kupoza.

Neno la kutazama hapo ni kukausha. Jua letu la Agosti ni kali kiasi kwamba mti wa pamba unavunjika kwa mlio, na mtu anaapa kwamba umekauka. Bado. Mti ulioanikwa juani kavu kabisa hubaki na unyevu kama sehemu 8 au zaidi kwa 100. Maana yake kwenye kilo 100 za chembe kuna lita 8 za maji, karibu nusu dumu. Maji hayo yakikutana na plastiki yenye nyuzijoto 150 yanakuwa mvuke papo hapo, na mvuke ukibanwa unatengeneza mapovu ndani ya ubao. Kwa macho hutayaona. Utayaona siku skrubu itakapozunguka bila kushika. Unyevu unatakiwa ushuke hadi sehemu 2 au 3, na hilo linahitaji tanuri la kukaushia. Kikundi kinachokuja na bajeti isiyo na kikaushio, mimi hukirudisha kikahesabu upya.

Kingine ni kwamba nyuzi zinapenda maji na plastiki inayakataa, kwa hiyo vikikutanishwa vinatazamana kama wageni. Viwanda huongeza kiasi kidogo cha kiunganishi, plastiki iliyotiwa kemikali ya maleiki, upande mmoja ikishika nyuzi na mwingine ikishika plastiki. Ni sehemu chache kwa 100 tu, lakini bila hiyo paneli ni laini zaidi na inanyonya maji pembezoni.

Siwezi kuyeyusha kwenye pipa hapa nyumbani?

Usifanye hivyo. Nimeona pipa juu ya mafiga, mtu anakoroga madumu kwa bomba la chuma, uso umefunikwa kwa leso. Pipa halina kipimo, na pale chini karibu na moto joto linapita nyuzijoto 300 huku juu vipande bado vigumu. Plastiki inayoungua inatoa moshi wenye sumu, na hakuna leso inayouzuia. Plastiki iliyoyeyuka ikimrukia mtu mkononi haidondoki kama maji ya moto, inaganda palepale ikiendelea kuunguza. Ikitokea, mwagia maji baridi yanayotiririka kwa muda mrefu, usiibandue, mpeleke hospitali. Mashine yenye kipimajoto na chumba chenye upepo ndiyo njia. Kama haipo, kikundi chako kiwe cha kuchambua na kuuza malighafi safi. Nako kuna pesa.

Naweza kujengea ukuta au kuezekea?

Kuna kisa cha zamani ambacho kila mwenye haraka anapaswa kukijua. Miaka ya 1970, Kitengo cha Utafiti wa Majengo cha Dar es Salaam, ambacho baadaye kilizaa NHBRA, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kilishirikiana na Waswidi kwenye mabati ya saruji iliyotiwa nyuzi za mkonge. Wazo lilikuwa zuri: saruji ipo, mkonge upo, bati la kuagiza ni ghali. Yalipotoka yalikuwa imara. Miaka ikapita, yakawa yanakatika kama biskuti. Utafiti uliofuata, ambao Mswidi Hans-Erik Gram aliuchapisha mwaka 1983, ulieleza sababu: maji ya ndani ya saruji yana magadi makali, na magadi hayo yanayeyusha kile kinachozishikamanisha chembe za nyuzi. Saruji ilikuwa inakula mkonge polepole, huku paa likionekana zima.

Plastiki haina magadi, kwa hiyo kosa hilo halijirudii. Ila plastiki ina lake, na ni joto. Dumu lililojaa maji ukiliacha juani linalegea tumbo. Ubao wake nao ukiubebesha uzito kwenye joto unapinda polepole, leo milimita, mwezi ujao nyingine, na haurudi. Chini ya bati, saa nane mchana, mwezi wa tisa, Bariadi, sina haja ya kukueleza. Nyuzi zinapunguza kupinda huko lakini haziondoi. Kwa hiyo paneli hizi si nguzo, si boriti, si kenchi.

La pili ni moto. Madumu ni mafuta yaliyogandishwa. Paneli ikishika moto inawaka, inadondosha matone yanayowaka, na moshi wake ni mzito. Kwa sababu hiyo mimi sipendekezi kuitumia kama dari juu ya jiko au bweni la wanafunzi, hata muuzaji akikuapia. Anayetaka kuuza kwa majengo ya umma apeleke sampuli TBS zikapimwe na awashirikishe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mapema, wala asisubiri siku ya ukaguzi.

Panapofaa ni pengi kuliko unavyodhani: mlango wa stoo, wa choo na wa bafu, ambapo ubao wa kawaida huoza chini, rafu na kabati, meza ya dawati, kizimba cha kuku, sakafu ya banda la mbuzi, pazia la kutenga chumba, fomu za kumwagia zege. Ukiufunga mlango acha nafasi kuzunguka fremu, kwa kuwa plastiki hutanuka kwa joto zaidi kuliko mbao. Fundi aliyezoea mninga ataubana sawasawa asubuhi, na saa saba mchana mlango hautafunguka. Toboa kwanza, kisha skrubu, msumari unapasua.

Mchwa, mvua, jua?

Mchwa hapendi nyuzi zilizozungukwa na plastiki, lakini pembe iliyokatwa na kuachwa wazi inampa mlango, basi ipake rangi au iyeyushe kidogo kwa pasi. Mvua vivyo hivyo. Jua ndilo adui. Unakumbuka beseni jeupe lililovunjika mkononi baada ya mwaka mmoja nje. Paka rangi, au nunua iliyotiwa masizi kiwandani. Unapokata, kusanya vumbi kwenye turubai na ufunge mdomo. Vumbi hilo ni plastiki, na upepo ukilichukua linaishia lamboni.

Itakuwa rahisi kuliko mbao?

Piga hesabu kwa uzito, usikubali bei ya kinywa. Ubao wa futi 8 kwa 4 una mita za mraba karibu 3. Ukiwa na unene wa milimita 12, paneli ya nusu nyuzi nusu polithini inafika kilo 40 hivi, wakati plaiwudi ya kipimo hicho ni karibu nusu yake. Uzito huo una maana mbili. Kwanza bawaba: mlango huu unataka tatu nzito, si mbili za kawaida. Pili malighafi: kilo 20 za plastiki ni kama madumu 20 ya lita 20, maana dumu tupu lina kilo moja hivi. Ukitaka kwa vizibo vyenye gramu 2, ni vizibo 10,000. Ubao mmoja! Sasa jiulize wilaya inatoa madumu mabovu mangapi kwa wiki, na nani anayazungukia kwa baiskeli. Mifuko ya plastiki nayo usiitegemee. Ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na hilo ni jema.

Kwa hesabu hizo naona wenye nafuu ni wale wanaoanza na paneli nyembamba, milimita 6, kwa rafu na kuta za kutenga, wakiuza karibu, ambapo ubao wa kusafirishwa kutoka Iringa unaanza kupoteza kwa sababu ya nauli. Mtaji wa kuanzia upo kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Vijana wa Maswa walipoanza kutengeneza chaki walianza na kitu kidogo chenye mnunuzi wa uhakika, yaani shule. Dawati nalo lina mnunuzi huyohuyo.

Nani ameshafanya tumuige?

Dar es Salaam ipo EcoAct ya Christian Mwijage, inayogeuza plastiki kuwa mbao na nguzo. Nairobi, Lorna Rutto alianzisha EcoPost mwaka 2009 kwa nguzo za uzio, na Nzambi Matee wa Gjenge Makers anatengeneza matofali ya njia kwa plastiki na mchanga; mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimpa tuzo ya vijana. Lamu ndiko kwenye cha kufurahisha zaidi. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima, Flipflopi, kwa takriban tani 10 za plastiki na kulivika vipande vya ndala 30,000. Liliingia majini 2018, na mwanzoni mwa 2019 likatweka hadi Zanzibar. Wengi wa hao hawatumii nyuzi za mmea. Cha kuiga kwao ni mpangilio wa ukusanyaji.

Na paneli ikichakaa?

Hapa ndipo narudi kwa Trabant. Gundi yake ilikuwa ya aina isiyoyeyuka tena ikishaganda. Ukuta wa Berlin ulipoanguka na watu wakaanza kuyatupa magari hayo, mabodi hayakuoza wala kuyeyuka, na hakuna aliyejua ayafanyie nini. Polithini inayeyuka tena. Mlango wa stoo uliovunjika unaweza kusagwa na kukandamizwa upya, ukapoteza nguvu kiasi kila mara lakini bado ukafaa kwa sakafu ya banda.

Kwa sharti moja. Chukua kipande cha paneli ukitumbukize kwenye lile beseni. Kitazama, ingawa dumu lililomo lilielea, kwa kuwa nyuzi zilizobanwa zimeliongezea uzito. Atakayekichambua miaka 15 ijayo atadhani ni chupa au bomba, na atakitupa upande wa fifi. Kwa hiyo siku ubao unapotoka mashineni, kabla haujapoa vizuri, ugonge mhuri mgongoni: namba 2, pamba, na mwaka.